Kifurushi cha harusi cha studio ya Area C, Dodoma: picha safi, kipengele cha 9 kibovu

Kwa picha zenyewe hakuna ugomvi. Albamu za sampuli zilizopo mezani zinaonyesha kazi ya watu wanaolijua jua la Dodoma. Picha za nje hazipigwi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, maharusi wanawekwa kivulini na mwanga unarudishwa usoni kwa ubao mweupe, na kwenye upepo wenye vumbi lenzi haibadilishwi nje ya gari. Kinachohitaji kupitiwa ni karatasi: mkataba wa kurasa nne, fomu ya ridhaa, na yanayozipata picha baada ya shughuli kwisha. Studio hatuitaji jina kwa sababu mkataba wenyewe unafanana sana na mingine inayozunguka mjini. Ni wazi mtu aliunakili mahali, akabadilisha nembo, akasahau kusahihisha tahajia.

Kifurushi tulichokipitia ni cha kati, shilingi 1,800,000. Kina wapiga picha wawili, kameramani mmoja, albamu ya kurasa 40, video ndefu ya saa mbili na ile fupi ya dakika tano ya kurusha mtandaoni. Nusu ya fedha inalipwa wakati wa kusaini, robo wiki moja kabla ya harusi, na robo ya mwisho siku ya kuchukua albamu. Mgawanyo huu ni wa haki. Studio inayotaka fedha yote kabla ya siku yenyewe inamwachia mteja simu tu ya kupiga kila albamu inapochelewa.

Sasa kipengele cha 9. Kinasema studio itakuwa na haki ya kutumia picha "popote, kwa namna yoyote na kwa muda wote". Hapo mambo mawili yametiwa kwenye chungu kimoja: hakimiliki ya picha, na ridhaa ya mtu anayeonekana kwenye picha.

Hakimiliki kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha tangu inapopigwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, si sharti la kulindwa, ila cheti husaidia sana ushahidi ukitakiwa. Ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo studio kubaki na hakimiliki si wizi, na mteja hana sababu ya kukasirika. Anachohitaji yeye ni idhini iliyoandikwa ya kuchapisha, kuwapa ndugu na kurusha kwenye kurasa zake bila kikomo cha muda. Kipengele cha 10 kinampa hiyo, na kimeandikwa vizuri kuliko kingine chochote kwenye mkataba huu. Anayetaka hakimiliki yenyewe ihamie kwake ahakikishe jambo hilo limo kwenye maandishi na limesainiwa, maana kauli ya "tulikubaliana kwenye simu" haihamishi kitu.

Ridhaa ni habari nyingine kabisa. Kumiliki picha ya bibi harusi hakuipi studio ruhusa ya kuubandika uso wake kwenye bango la saluni. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu moja kwa moja biashara inayokusanya na kutunza picha za watu wanaotambulika. Chini ya sheria hiyo taarifa hukusanywa kwa lengo linalojulikana, ridhaa inaweza kuondolewa, na mtu anaweza kukataa taarifa zake zisitumike kwenye matangazo ya biashara. "Popote na kwa namna yoyote" si lengo. Ni uroho, na ni uroho dhaifu, kwa kuwa studio yenyewe ingepata shida kukiegemea kipengele hicho siku ikiburuzwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Dawa yake ni nusu ukurasa. Kipengele kifutwe, mahali pake ziwekwe sentensi tatu zinazojitegemea, kila moja na kisanduku cha ndiyo na cha hapana: ukurasa wa studio mtandaoni, albamu ya sampuli dukani, matangazo ya mfanyabiashara mwingine kama mpambaji, ukumbi au saluni. Ya tatu iwe na malipo yake na muda wake, kwa mfano miezi sita. Kila mmoja wa maharusi asaini kwa mkono wake. Hapa ndipo kamati za harusi zinapoteleza: mwenyekiti wa kamati ndiye anayelipa na ndiye anayesaini mkataba, halafu inadhaniwa amesaini na uso wa bibi harusi. Mwenyekiti anaweza kuiahidi studio fedha. Sura ya mtu mwingine hana mamlaka nayo.

Fomu ya ridhaa ina pengo kubwa upande wa watoto. Haiwataji kabisa, ilhali picha zinazopendwa kurushwa ni za wale wadogo wanaoshika maua. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na sheria ya taarifa binafsi inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo uchakataji wake unadai ridhaa ya maandishi. Mstari mmoja wa sahihi ya mzazi kwa kila mtoto wa msafara unatosha, nao kwa kawaida hawazidi wanne au sita. Studio ikisema ni usumbufu, basi picha za watoto zibaki kwenye albamu ya familia.

Wageni waalikwa mia tatu hawawezi kusainishwa mmoja mmoja, na hakuna anayetegemea hilo. Tangazo la MC mwanzoni, karatasi mlangoni, na meza moja inayojulikana kuwa haipigwi picha ya karibu vinafaa zaidi kuliko fomu isiyosomwa.

Kwenye kicheni pati studio hii inastahili sifa bila kubana. Ina wanawake wawili wanaoshika kamera, na mkataba unaahidi kwamba hakuna mwanamume atakayeingia, hata wa kubeba taa. Unaahidi pia kwamba picha za humo ndani haziendi popote bila neno la bibi harusi. Kwa familia za Kondoa na nyingine ambazo wanawake hujifunua wakiwa wenyewe kwa wenyewe, ahadi hii ina uzito kuliko ubora wa lenzi. Imepungua kitu kimoja tu: haisemi nani atazihariri. Kama mhariri ni kijana aliyekaa chumba cha nyuma na kompyuta, mlango uliofungwa ukumbini unakuwa umefunguliwa studio. Iandikwe kwamba hata mhariri ni mwanamke.

Tukiwa kwenye uhariri, kuna tabia ya kupausha ngozi. Sampuli mbili kati ya tano zinaonyesha bibi harusi aliyetoka mweupe kuliko mikono yake mwenyewe. Kinachosababisha ni mpangilio mmoja wa rangi unaomwagwa juu ya picha zote, ambao hupandisha mwanga wa rangi za chungwa na njano, na ngozi zetu zimo humo. Omba picha tatu za majaribio kabla ya kulipa, moja ya kivulini, moja ya juani, moja ya taa za ukumbini, na uandike kwenye mkataba kwamba rangi ya ngozi haibadilishwi bila kuombwa. Kufuta chunusi na kumbadilisha mtu rangi si kazi moja.

Video fupi ina tatizo la muziki. Studio inaweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma, inarusha, na baada ya saa chache sauti inazimwa au video inafungiwa kwa sababu mitandao huutambua wimbo kwa mashine. Kulipia wimbo upigwe ukumbini hakukupi ruhusa ya kuuunganisha na video. Studio ilipaswa kuwa na maktaba ya muziki iliyolipiwa leseni. Hii haina, na mkataba unamtupia mteja lawama. Kataa sentensi hiyo.

Wengi hawafikirii kwamba jambo hilo linawahusu na watu wa ngoma. Kikundi cha Kigogo kinachokuja na muheme na zeze kimelipwa kutumbuiza ukumbini. Hakishiriki, ile nusu ya pili ya jina la Sheria ya Hakimiliki, inajumuisha haki ya watumbuizaji, na ngoma yao kugeuzwa video ya kujitangazia studio ni matumizi mengine yanayohitaji makubaliano mengine. Kiongozi wa kikundi apewe karatasi fupi isainiwe kabla ngoma haijaanza. Baada ya sherehe kila mtu anakimbilia usafiri.

Droni inauzwa kama nyongeza ya shilingi 250,000. Tuliuliza maswali mawili: imesajiliwa TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali cha kurusha siku hiyo kipo? Jibu lilikuwa "huwa hatusumbuliwi". Hilo si jibu. Kurusha droni nchini kunahitaji kupita mamlaka hiyo na kupata ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na Dodoma si mji wa kubahatisha: uwanja wa ndege umo ndani ya mji, Bunge limo, ofisi za Serikali zimejaa. Droni ikikamatwa, memori kadi yake inakwenda nayo, pamoja na picha za msafara. Bila nakala ya kibali mkononi, nyongeza hii usiinunue.

Sehemu za kupigia picha zimeorodheshwa nyuma ya bei, na orodha inachanganya maeneo rahisi na magumu kana kwamba yote ni bustani. Hoteli na kumbi zina wenyewe wa kuombwa. Stesheni ya SGR inahitaji ruhusa ya shirika la reli mapema, si ya mlinzi aliye zamu. Mji wa Serikali Mtumba una majengo mazuri ya kuweka nyuma ya maharusi, ila sheria za usalama wa taifa zinakataza kupiga picha maeneo yaliyotangazwa kulindwa, na askari hatabishana nawe wizara ipi imo na ipi haimo. Mkataba useme nani anafuatilia vibali na nini kinatokea vikikosekana, la sivyo saa mbili zilizolipiwa zinaishia getini.

Na Kolo, zaidi ya kilomita 150 kaskazini, kwa picha za kabla ya harusi. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na baadhi ya mapango bado yanatumika kwa matambiko. Studio inatoa gari na mchana mzima, lakini haitaji mwongozaji wa Mambo ya Kale wala ada ya kuingia. Mbaya zaidi, sampuli moja ina moshi wa rangi uliowashwa chini ya mwamba. Moshi huo huacha masizi na rangi kwenye jiwe. Kuimwagia michoro maji ili ing'ae kwenye kamera pia huiharibu, kwa sababu maji hulegeza rangi na kuacha chumvi yakikauka. Maharusi wasimame pembeni ya mwamba, wasiuegemee, na wapigwe kwa lenzi ndefu ili michoro ionekane karibu bila mtu kuisogelea.

Utunzaji wa faili ni mzuri kuliko tulivyotarajia. Kamera zote mbili zina nafasi mbili za memori kadi na zinaandika kwenye zote kwa pamoja. Usiku huohuo picha zinahamishiwa kwenye diski mbili za kuhifadhia, moja ikiondoka studio. Kadi hazifutwi mpaka mteja apokee kazi. Faili ghafi, yaani picha kabla ya kuhaririwa, hazitolewi, jambo la kawaida, na zinafutwa baada ya siku 90. Udhaifu uko kwenye kukabidhi: kiungo cha mtandaoni hakina nywila, na picha zilizopigwa nyumbani kwa simu ya msaidizi bado zimebeba ndani yake alama za mahali zilipopigwa, yaani nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi. Kuzifuta ni kubofya mara moja wakati wa kutoa faili. Uliza pia kama studio imejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hii ilionyesha fomu iliyojazwa nusu.

Maneno "picha zote nzuri" kwenye ukurasa wa pili yabadilishwe yawe idadi, tuseme zisizopungua 400 zilizohaririwa, ndani ya siku 45. Fidia ya kazi kupotea imewekwa kuwa kurudisha malipo ya awali tu. Iwe malipo yote. Meneja alikubali mabadiliko haya kwa kalamu, papo hapo, bila kuongeza bei. Mistari iliyokatwa isainiwe pembeni na pande zote mbili, kwenye nakala zote mbili, kabla ile 900,000 haijatumwa.