Uanagenzi wa nakshi Lamu: unalipia nidhamu ya namna gani?

Mzazi anayempeleka kijana wake kwa fundi wa nakshi mjini Lamu huja na maneno yake tayari: "Nakukabidhi huyu, mtie adabu." Fundi huitikia, chai hunywewa, kijana huachwa. Katika ombi hilo fupi mna mambo matatu ambayo hakuna aliyeyatenganisha. Huenda mzazi ataka heshima, mtoto aamkie wakubwa na asijibu ovyo. Huenda ataka adhabu, mkono wa mtu mwingine ufanye kile ambacho wake umeshindwa. Na huenda ataka fani, ujuzi wenye kanuni zake ambao mtu hukaa nao miaka hadi ukamkaa mwilini. Yote matatu watu huyaita nidhamu, lakini karakana haiyatoi yote kwa ubora mmoja. Tathmini hii ni ya huduma yenyewe, yaani uanagenzi katika karakana za nakshi za Lamu, ndogo za vichochoroni na kubwa zilizo karibu na pwani. Si ya fundi mmoja.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa nidhamu ya kazi, huduma hii ni bora kuliko mengi yanayouzwa kwa jina hilo, kwa kuwa mbao humjibu mwanafunzi papo hapo na haimwonei wala haimpendelei. Udhaifu wake uko kwenye mapatano ya mdomo, vumbi, na ukosefu wa cheti. Na iko karakana ya kuondoka mara moja: ile ambayo fimbo ipo karibu kuliko kinoo.

Kinoo ndicho cha kutazama kwanza. Karakana nzuri humwanzisha mwanagenzi kwenye kunoa kabla ya kumpa mbao yoyote ya maana, na haimwondoi hapo mpaka patasi zake zikate bila ya kusukumwa. Mteremko wa makali huwekwa kati ya digrii 25 na 30. Kwa mvule na mbambakofi, mbao ngumu zinazotumika kwa milango, afadhali kukaribia 30, la sivyo makali membamba humeguka. Patasi hulazwa juu ya kinoo kwa mteremko wake, kifundo cha mkono kikakazwa, mwili wote ukaenda mbele na kurudi. Kosa kubwa hapa ni moja, nalo humpata kila anayeanza: mkono unayumba, mteremko unakuwa wa mviringo kama mgongo wa kijiko, na patasi inateleza juu ya mbao badala ya kuingia. La pili kwa wingi ni kukandamiza pembe moja, makali yakawa ya mshazari.

Upande umekwisha kunolewa pale kidole kinaposikia uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa nyuma, kutoka pembe moja hadi nyingine. Usiposikika sehemu fulani, sehemu hiyo bado butu. Hapo hugeuzwa, mgongo ukalazwa bapa kabisa juu ya kinoo laini, uzi ule ukaondoka, kisha makali yakapitishwa kwenye kipande cha ngozi. Kipimo ni kukata kichwa cha mbao laini, pale nyuzi zinapotazama juu: mkato ukimeremeta, kazi imekwisha, ukiwa mweupe wenye nyuzi zilizokatika ovyo, mwanafunzi hurudi kwenye kinoo. Fundi anayempa mwanafunzi kipimo hiki amempa jambo kubwa, kwa kuwa kuanzia siku hiyo kijana hamngoji mtu amwambie kama kazi yake ni nzuri.

Ulizia pia jiwe la umeme linatumikaje. Chuma kikigeuka buluu kwa moto wa msuguano kimepoteza ugumu wake, na sehemu yote ya buluu lazima isagwe itoke. Mwanafunzi aliyefundishwa huchovya patasi majini kila baada ya mguso mfupi. Na jioni, kwa hewa ya chumvi ya kisiwani, kila patasi hupanguswa mafuta ya mashine kabla ya kurudishwa mahali pake. Ukiingia karakana ukakuta patasi zenye kutu zimelala chini kati ya vibanzi, usiulize bei.

Baada ya kinoo ndipo mbao. Mazoezi hufanywa kwenye mabaki, mwembe au vipande vya mvule visivyotosha kazi. Mvule una siri ambayo fundi mwangalifu huisema siku ya kwanza: ndani yake hukaa vijiwe, chokaa iliyoganda mti ukiwa hai, na mara nyingi mbao inayokizunguka kijiwe huwa nyeusi zaidi kidogo. Patasi ikikigonga, pembe hupasuka. Kuitazama mbao kabla ya kuigusa ni sehemu ya mafunzo, na ndipo vijana wengi wenye mkono mwepesi hufeli, maana wataka kuanza kupiga.

Mpangilio wa kuchonga haubadilishwi kwa haraka ya mteja. Mchoro huja kwanza, kwa bikari na rula. Kisha mipaka ya jani au ua hukatwa kwa patasi iliyosimamishwa wima, milimita 2 au 3 kwenda chini. Kisha ardhi, yaani uso wa mbao unaozunguka umbo, hushushwa tabaka kwa tabaka, na mipaka ile hukatwa tena kila ardhi inaposhuka. Umbo lenyewe huviringwa mwisho, baada ya ardhi kusawazika. Anayeshusha ardhi bila ya kukata mpaka huona kibanzi kinakimbia na kuchukua ncha ya jani, na ncha hiyo haigandishwi tena ikapendeza. Ubishi kati ya mwanafunzi na fundi huzuka zaidi kwenye waridi, lile ua la mviringo linalopatikana kwenye vizingiti vingi vya Lamu. Nyuzi za mbao zapita upande mmoja, na duara lazigeukia kila robo. Kwa hiyo robo mbili zinazokabiliana hukatwa kuelekea upande mmoja na mbili nyingine kinyume chake. Atakayezunguka duara zima bila ya kugeuza mkono atang'oa mbao katika robo mbili, kila mara, hata awe na nguvu gani. Hakuna hotuba ya subira inayofundisha hivyo.

Miimo ya mlango yafundisha jambo jingine. Nakshi ya mnyororo inayopanda kutoka chini hadi kizingiti hurudia umbo moja mara nyingi. Mwanafunzi akipima kila pete kutoka kwenye pete iliyotangulia, kosa la milimita 1 likirudiwa mara 40 ni sentimita 4, na mnyororo hautafika pembeni sawa na mwenzake wa upande wa pili. Vipimo vyote hutolewa kutoka ncha moja, vikatiwa alama kabla ya patasi kugusa popote. Mwombe fundi akuonyeshe miimo miwili ya mlango mmoja iliyochongwa na wanafunzi wake, simama katikati, tazama kama pete zinalingana. Utajua zaidi kuliko utakavyojua kwa kumsikiliza.

Usalama nao uko ndani ya utaratibu huo. Kipande hubanwa kwa jiliwa, mikono yote miwili ikabaki nyuma ya makali: mmoja kwenye mpini, mwingine juu ya chuma ukifanya kazi ya breki. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa kuwa hutaka nguvu, na nguvu ikiteleza haina pa kusimama.

Sasa kuhusu adhabu. Wako wazazi wanaodhani kuwa ukali wa kale ndio uliotoa mafundi wa kale, na husema samaki mkunje angali mbichi. Sheria imekwisha kusema. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika ibara ya 29 ikamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikairudia marufuku hiyo kwa wanafunzi. Karakana si shule, lakini Katiba haikuachia nafasi karakana. Hata tukiiweka sheria kando, fimbo huiharibu kazi kwa njia inayoonekana. Mwanafunzi anayeogopa kipigo huficha kosa. Ufa huzibwa kwa gundi na unga wa mbao, hupigwa msasa, hupakwa rangi ya mbao, mlango hupakiwa kwenda Nairobi ambako hewa ni kavu kuliko ya pwani. Mbao hunywea, na ufa hufunguka mbele ya mteja. Jina linaloharibika hapo ni la fundi.

Karakana zinazofaa zina malipo ya kosa yaliyofungamana na kosa lenyewe. Umevunja pembe ya patasi, wewe ndiye utakayeisaga na kuinoa upya, hata ichukue asubuhi nzima. Umeng'oa jani, utachonga kipande hicho tena kwenye mabaki mpaka litoke. Umechelewa, utapata kazi iliyobaki, si uliyoitaka. Ni ukali wa kweli, na vijana huuheshimu kwa kuwa wanaona unatoka wapi.

Suala la kufagia lahitaji jicho la mzazi. Kila mwanagenzi hufagia, na mwanzoni kufagia kuna faida: vibanzi virefu vilivyojikunja vyatoka kwenye patasi kali, vile vifupi vilivyosagika vyatoka kwenye patasi butu, na anayevizoa kila jioni huanza kuona nani anafanya nini. Wiki mbili tatu zatosha. Kijana ambaye baada ya miezi mitatu bado anafagia, ananunua chai na kubeba mbao kutoka jahazini bila ya kipande chake mwenyewe kwenye meza, hafundishwi. Anatumikishwa, na kuita hali hiyo nidhamu ni dhuluma. Kwa mwendo wa wastani, miezi mitatu yatosha kutoa fremu ya kioo yenye mpaka safi, mwaka kutoa dirisha au sanduku dogo, na mlango mzima huja baada ya hapo chini ya macho ya fundi. Anayekuahidi mlango kwa miezi sita anakuuzia kazi ya ruta, mashine ya umeme ya kuchongea. Ruta si haramu, hushusha ardhi haraka na yaweza kuwa msaada. Lakini mwanafunzi aliyeanzia kwayo hajui kusoma nyuzi, na umeme ukikatika hana kazi.

Vumbi ndilo ambalo karakana nyingi hulichukulia kwa wepesi. Unga wa mvule huwasha ngozi na waweza kuleta pumu kwa anayeuvuta kila siku. Kijana aende na barakoa yake, na sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Mwenye pumu tangu utotoni asipelekwe kabisa kwenye kazi ya mvule, hata akiipenda.

Mapatano yaandikwe, hata karatasi moja. Bei haibandikwi ukutani popote. Hutegemea kama kijana analala kwake au kwa fundi, analeta zana zake au anatumia za karakana, na kama kazi zake zitauzwa. Andikeni muda, siku za kazi, nani anamiliki kipande kilichouzwa, na lini mwanafunzi ataanza kupata sehemu ya malipo. Cheti usikitarajie kutoka kwa fundi. Kenya mtihani wa ufundi hufanywa chini ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, kwa madaraja kuanzia la tatu kwenda la kwanza, na mwanagenzi aliyekomaa aweza kujiandaa kuufanya katika useremala. Fundi anayekubali kumpa ruhusa ya siku za mtihani amjali kijana. Anayeuona mtihani kuwa utovu wa adabu ataka mfanyakazi wa bure.

Kwa wageni wanaonunua kipindi cha saa mbili tatu cha kujaribu kuchonga: ni burudani nzuri, utatoka na kipande, usikihesabu kuwa mafunzo.

Mwanafunzi mpya asianze katikati ya Ramadhani, saa za kazi hupunguzwa na fundi hana nafasi ya kusimama naye kwenye kinoo. Aanze baada ya Idi, Jumamosi au Jumapili, kwa kuwa Ijumaa kazi husimama mapema kwa swala. Siku ya kwanza abebe penseli ngumu, rula ya chuma, bikari, barakoa, kitambaa cha kupangusia na patasi bapa mbili, ya milimita 6 na ya 12. Zile za kuviringia asinunue mpaka fundi aone mkono wake.