Kuandikia michezo ya video: ajira ya studio au mchezo wako mwenyewe?

Kijana wa Mombasa anayetaka kuishi kwa kuandika hadithi za michezo ya video ana njia mbili: kutafuta ajira studioni, au kutunga michezo yake midogo papa hapa Likoni au Kisauni.

Studio inalipa mshahara, na inakufunza kufanya kazi na wachoraji na watengeneza programu. Lakini usitarajie kuandika riwaya. Sehemu kubwa ni vipande: maelezo ya upanga, kilio cha askari aliyejeruhiwa, maneno ya muuza duka yaliyopangwa kwenye jedwali. Sehemu ya mchezo ikifutwa, maneno yako yanakwenda nayo. Nafasi nazo ni chache; Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 kati ya Ghana na Kenya, ni miongoni mwa studio za mwanzo Afrika.

Njia ya pili haina mshahara, na hilo ni zito kwa mwenye kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo ndiyo ninayoipendekeza. Twine, programu ya bure aliyoibuni Chris Klimas, haikulazimishi kujua lugha za kompyuta: unaandika kifungu, unakiunganisha na kingine, mchezaji anachagua. Kazi inatoka kama faili moja, hufunguka hata kwenye simu. Mtie humo nahodha wa jahazi pale Bandari ya Kale, aamue kama ang'oe nanga kabla upepo wa kusi haujawa mkali, tena azungumze Kimvita chake bila kusahihishwa na mtu.

Na studio zikiajiri huomba sampuli. Mchezo mfupi uliokamilika unatosha kuwaonyesha.