Miezi minne na kompyuta ya gemu niliyoiunga mwenyewe: kila kifaa na maksi zake

Nianze kwa kukiri kabisa, mi sio fundi. Kabla ya hii nilikuwa nachezea laptop ya zamani ambayo feni yake ikianza kuzunguka unadhani kuna mtu anasaga nyama chumba cha pili, na kila niliyemuuliza kuhusu kuunga mashine alinijibu hivyo hivyo, we nunua iliyokwisha ungwa uepuke presha. Nikakaza. Sasa hivi ni mwezi wa nne inapiga kazi, haijatoa moshi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema kipi kilinifaa na kipi nilipigwa.

Kosa nililotaka kulifanya, na naona wengi wanalifanya, ni kuanza na kadi ya grafiki. Unaiona kadi, roho inaipenda, unainunua, halafu ndo unaanza kutafuta vitu vya kuizunguka, kama mtu aliyenunua tai na hana shati. Mi nilianzia kwenye monita kwa sababu ndo kitu pekee nilichokuwa nacho tayari: inchi 24, 1080p (nukta 1920 kwa 1080), 144Hz (inabadilisha picha hadi mara 144 kwa sekunde). Hiyo peke yake ilishajibu nusu ya maswali. Kama kioo chako ni 1080p, kununua kadi ya kuchezea 4K ni kununua lori la kubebea kikapu.

Basi kadi nikachukua Radeon RX 7600 yenye memori ya 8GB, iliyotoka 2023. Maksi 8 kati ya 10. Nilikuwa nasitasita kati yake na GeForce RTX 4060, nayo ina 8GB, inakula umeme kidogo zaidi (wati 115, hii yangu 165) na kwenye yale mambo ya reitresingi (kuigiza jinsi mwanga unavyoakisi) iko mbele, ila mi hiyo reitresingi nikiiwasha naishia kutazama madimbwi ya maji barabarani badala ya kucheza, kwa hiyo nikaenda na iliyokuwa bei nafuu. Gemu nzito kama Cyberpunk 2077 naiweka setingi za juu bila reitresingi inakaa zaidi ya fremu (picha) 60 kwa sekunde bila kulalamika, na gemu za mashindano zinajaza hizo 144 vizuri tu. Maksi mbili nimezikata kwa ajili ya hiyo 8GB. Kuna gemu mpya ukiweka tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) za juu kabisa memori ya kadi inajaa, na ikijaa fremu hazishuki polepole, zinakwama kwama, unageuka kumwangalia adui af picha inaganda nusu sekunde, umekufa. Nikishusha tekscha hatua moja tatizo linaisha. Na hapa msidanganyike na namba ya jina, RTX 3060 ya 2021 ilikuja na toleo la 12GB, wakati 4060 iliyofuata ina 8. Namba kubwa kwenye boksi haimaanishi kila kitu ndani kimekua.

Prosesa ni Ryzen 5 7600. Maksi 9, na hiyo moja nimeikata kwa wivu tu. Koo (vichakataji vya ndani) 6, thredi (kazi inazofanya kwa pamoja) 12, TDP (kipimo cha joto lake) wati 65, af inakuja na feni yake ndani ya boksi, ile Wraith Stealth, tayari imepakwa pesti ya kupitisha joto. Watu watakwambia ile feni ni takataka ununue ya kwako, mi nasema kwa hii prosesa na kwa kucheza gemu inatosha, inapiga kelele kidogo mashine ikibanwa lakini ukivaa hedifoni husikii kitu. Kilichonifanya niende AM5 (aina ya soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi kuu) badala ya kuchukua Ryzen 5 5600 ya AM4, soketi iliyotangulia, ambayo ingenipunguzia gharama kwenye prosesa, bodi na hata RAM, ni kwamba soketi ya AM4 ilibeba Ryzen kuanzia zile za kwanza za 2017 hadi familia ya 5000, na AMD wenyewe wamesema AM5 wataendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Kwa hiyo siku nikitaka prosesa mpya nachomoa hii nachomeka nyingine, bodi inabaki. Ila kama mfuko umebana kweli kweli, 5600 bado ni mashine, asikucheke mtu.

Kuichomeka sasa. Hapo ndo nilitokwa jasho. Kwenye AM5 pini ziko kwenye bodi, sio chini ya prosesa kama AM4, vipini 1718 vidogo kuliko hata ncha ya sindano, ukivigusa na kidole umevipinda. Unalinganisha ile pembetatu ndogo ya pembeni na alama ya kwenye soketi, unaiweka bila kuikandamiza, halafu unashusha ule mkono wa chuma, na aisee ule mkono unataka nguvu, unasikia kitu kinalia krrr kama unavunja biskuti. Nilisimama nikaenda kunywa maji kwanza. Niliporudi nikaubana hadi mwisho, kile kifuniko cheusi cha plastiki kikaruka chenyewe juu, na kumbe ndo inavyotakiwa. Feni nayo inafungwa na skrubu nne za springi, lakini lazima kwanza ufungue vile vishikizo vya plastiki vya kwenye bodi (kile chuma cha nyuma kinabaki), halafu unakaza kwa msalaba, kidogo huku, kidogo upande wa pili, usimalize moja ndo uende nyingine.

Madabodi ni B650 ya saizi ndogo, maksi 6, na kosa sio la bodi, ni langu. Nilikagua soketi, nikakagua nafasi za M.2 (za kuchomekea SSD) ziko mbili, nikakagua ina kile kitufe cha kuapdeti BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) kwa flashi bila hata prosesa, jambo zuri sana maana bodi ikikaa sana stoo inaweza isiitambue prosesa mpya. Nikajiona mtaalamu. Sikukagua Wi-Fi. Nimemaliza kuunga, naweka Windows, inaniambia niunganishe intaneti, natafuta mtandao hakuna hata mmoja, ruta iko sebuleni na mi niko chumbani bila waya mrefu. Usiku ule niliokolewa na simu, nimeichomeka kwa waya wa USB nikagawa data, kesho yake nikanunua kidude cha Wi-Fi cha USB ambacho hadi leo kimejitokeza pale nyuma kama jino bovu.

RAM ni DDR5, 32GB, vipande viwili vya 16, kasi 6000. Maksi 9. Viwili, sio kimoja, maana kimoja kinafunga njia moja ya memori na prosesa inashindwa kupata data kwa kasi yake, na bodi ikiwa na nafasi nne unaweka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio mbili za mwanzo kama akili inavyokutuma. Cha muhimu, ukinunua RAM ya 6000 ukaichomeka tu, mara nyingi inakimbia 4800 mpaka uingie BIOS uwashe EXPO, setingi inayoipa RAM kasi yake. Mi nilikaa wiki tatu nzima na 4800 nikijisifu nina 6000.

SSD, yaani diski ya kuhifadhia, sina maneno mengi. NVMe (aina ya kasi) ya 1TB, ile ya Gen 4 (kizazi cha nne) inayosoma karibu 7000MB kwa sekunde, na nikiwa mkweli ukiniwekea ya Gen 3 ya 3500 kwa kuifungua gemu tu sitaijua tofauti. Windows itakuonyesha 931GB, hujaibiwa, ni hesabu zao tu.

Usiku wa kwanza niusimulie maana kuna mtu utamkuta. Nimebonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Dakika moja. Mbili. Nikaizima kwa kushikilia swichi, nikawasha tena, cheusi. Nishaanza kuhesabu kichwani hela iliyopotea. Kumbe DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza bodi inaifanyia RAM mazoezi, inajaribu setingi moja moja, inaweza kuchukua dakika kadhaa, na mi kila nikizima naianzisha upya. Nikaenda kukaa kwa hasira nikaiacha, nikasikia mlio wa Windows... hapana, bado sikuwa na Windows, ilikuwa picha ya BIOS tu, lakini kwa furaha niliyopata ungedhani ni sherehe.

Halafu gemu ya kwanza ikawa inacheza kama slaidi za harusi. Fremu 9, 10. Nikaapa kwamba kadi ni feki. Ikabidi nizunguke nyuma na tochi, nikaona waya wa monita nimeuchomeka kwenye bodi, sio kwenye kadi, na hii prosesa ina grafiki zake ndogo za ndani kwa hiyo picha ilikuwa inakuja kama kawaida, hata draiva (programu ya kuiendesha) ya kadi nilikuwa sijaweka. Nikauhamisha waya, nikaweka draiva, dunia ikabadilika. Af ukishafika hapo ingia setingi za kioo kwenye Windows uangalie Hz, yangu ilikuwa imejiwekea 60.

Pawa saplai, maksi 10, na hapa sibishani na mtu. Wati 650, 80 Plus Gold. Hesabu yenyewe ni rahisi, kadi 165, prosesa hata ikibanwa inaishia 88, weka vingine vyote 60 au 70, jumla kama 320, kwa hiyo hata 550 ingetosha, ila nimeacha nafasi ya kadi kubwa baadaye. Ile beji ya Gold inasema ni umeme kiasi gani unapotea kama joto, haisemi kama ndani kuna ulinzi wa maana, hiyo soma watu walioifungua na kuipima. Na nyaya zake za kuchomoa usizichanganye na za kampuni nyingine hata kama zinaingia, upande wa saplai mpangilio wa pini unaweza usifanane, unaweza kuchoma diski zote kwa sekunde.

Haya, kasha. Maksi 3. Nilikuwa nimebana kila mahali, hapa nikasema nijipendeze, nikachukua la kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu za taa za rangi. Usiku linavutia, sikatai. Ila kile kioo cha mbele kimeacha upenyo wa upana wa kidole pembeni, feni zinavuta hewa kama mtu anayekunywa uji kwa mrija. Kadi ilikuwa inapanda nyuzi 80 na kitu nikicheza saa moja, nikafungua ubavu ikashuka hadi 70 na kidogo, gemu ile ile, chumba kile kile. Na zile feni hazina spidi ya kurekebisha, zinaenda moja tu, kasi. Kasha la wavu mbele lilikuwepo pembeni yake, bei karibu sawa, nikaliruka kwa sababu halina taa.

Kioo cha mbele nimeshakitoa, kimeegemea ukuta nyuma ya mlango, na kadi tangu hapo haijagusa 75.