Kilwa Kisiwani na muongoza wageni wa pale pale, nyota 4 kati ya 5

Mnaouliza kama Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania, inafaa wikiendi, nendeni jamani, ila mchukue muongozaji aliyezaliwa kisiwani mana bila yeye mtaona kuta tu. Kibali mnakata Kilwa Masoko, halafu boti, ya mashine mnafika chap, mashua ya tanga inategemea upepo.

Mnaanza na Gereza, ngome ya Wareno ya 1505 ambayo Waomani waliijenga upya baadae, mlango wake wa nakshi usiupite haraka. Kisha Msikiti Mkuu, wote matumbawe na chokaa, sehemu ya mwanzo karne ya 11, upande wa makuba ukaongezwa karne ya 14. Husuni Kubwa ndo penyewe sasa! Kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali, vyumba zaidi ya 100, bwawa la pembe nane, na chini yako ni bahari ile ile yalikopita majahazi yenye dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifia mji.

Lakini mimi kilichonigusa ni vigae. Unatembea tu unaviona mchangani, vya vyungu vya wenyeji na vya kauri ya China vimelala pamoja, yani hapo ndo unaelewa mvuvi na tajiri wa jahazi walikuwa majirani. Mwenzetu mmoja kwenye kundi akaokota kipande anataka kutia kwenye pochi, yule kaka anayetuongoza akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, kirudishe hapo hapo ulipokitoa, hicho cha bibi zetu." Nilimheshimu sana. Vitu vya Kilwa vimeshatawanyika vya kutosha, sarafu za shaba zilizopigwa hapo ziliokotwa 1944 mpaka visiwa vya Wessel huko Australia, na dhahabu ya kodi aliyotoza Vasco da Gama ndo ikafuliwa Custódia de Belém, chombo cha kanisa cha 1506, kipo makumbusho Lisbon hadi leo. Hilo la dhahabu liliniuma kwakweli, na nilifurahi kulisikia kutoka kwa mtoto wa Kilwa mwenyewe.

UNESCO waliiweka urithi wa dunia 1981, ikaingia orodha ya hatarini 2004, ukarabati ukafanyika ikatoka 2014, na ukiwa pale unaona kuta zilizoshikwa vizuri.

Nyota moja niliyopunguza ni ya boti, mwenye boti tuliyempata alipandisha bei tukiwa tumeshakaa ndani, kwahiyo elewaneni kwenda na kurudi kabla hamjapanda. Nendeni asubuhi, bebeni maji, na mkikuta akina mama wanauza mikeka ya ukili nunueni kwao, hela ibaki kisiwani.