Muhtasari wa kulipia na maktaba mbili za bure

Nilianza kwa kulipia. Kuna programu moja ya simu, jina naliacha, inayokusimulia kitabu kizima kwa dakika 15, na kwa miezi mitatu nilijiona msomi kwelikweli. Kilichonizindua ni mayai ya pengwini. Muhtasari ulisema kuwa mwaka 1911 wavumbuzi watatu, Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, walitembea katika giza la majira ya baridi ya Antaktika hadi Cape Crozier, wakarudi na mayai matatu. Basi, imeisha.

Nikakitafuta kitabu chenyewe, alichokichapisha Cherry-Garrard mwaka 1922, nikakipata Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni. Hujisajili, hulipi, unapakua tu. Hapo ndipo nilipoijua ile safari ya wiki tano: baridi ya zaidi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, nguo zinaganda mwilini, meno yanagongana hadi yanapasuka, hema linachukuliwa na dhoruba. (Baadaye waliliokota. Nilishusha pumzi kana kwamba ni ndugu zangu.) Na yote hayo kwa sababu wanasayansi walidhani kiinitete cha pengwini kingeonyesha undugu wa ndege na reptilia, nadharia iliyokuja kuachwa!

Gutenberg ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza na karibu vyote vya zamani, maana hakimiliki yake imekwisha Marekani. Anayetaka riwaya za mwaka huu atafute kwingine.

Maktaba ya pili ni ya namba: OEIS, ensaiklopidia ya mifuatano ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi. Unaandika namba chache, inakuonyesha zimewahi kutokea wapi. Mimi nilikuwa nahesabu njia za kuligawa umbo kuwa pembetatu kwa mistari ya pembe hadi pembe isiyokatana. Pembetatu yenyewe 1, mraba 2, pembetano 5, pembesita 13. Nikaandika 1, 2, 5, 13, na miongoni mwa majibu zikaja namba za Fibonacci (kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia) zilizorukwa moja moja. Nikashangilia peke yangu.

Ila kwenye maelezo yake sikuona kokote habari za kugawa maumbo. Nikarudi kwenye karatasi. Kumbe kwenye pembesita nilichora pembetatu ya katikati inayotazama juu, nikasahau inayotazama chini. Ni 14, si 13. Nilipoandika upya, zikaja namba za Catalan, zikiwa na maelezo marefu: kumbe ndizo hizohizo zinazohesabu njia za kupanga mabano. Nililala saa tisa usiku.

Sura ya tovuti hizi haivutii, nakiri. Maandishi matupu, viungo juu ya viungo. Nimezizoea.

Wiki iliyopita ile programu ilinitumia ujumbe wa masikitiko kwamba nimekatisha mfululizo wangu wa siku za kusoma. Nilikuwa nachora pembesaba. Zipo njia 42, nimefika 31.