Seti ya sili za kalipa ya nyuma ya kwodi: nzuri, lakini haitibu kila breki inayoshika

Kifuko chenyewe chaenea kiganjani: sili (pete za mpira) mbili za pistoni, moja ya mafuta na moja ya vumbi, buti mbili za mpira za kufunika pini ambazo kalipa, yaani kibano cha pedi za breki, huteleza juu yake, na pakiti ya grisi isiyojaa kijiko cha chai. Seti za namna hii zinapatikana Kampala, ukianzia soko la Kisekka, na kwa kwodi, yaani pikipiki za magurudumu manne, zinazozungusha watalii kwenye njia za vumbi jekundu kule Jinja ni spea ya kuweka akiba. Shida ni kwamba huuzwa kama dawa ya kila breki inayoshika hata ukiiachia.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Inua nyuma kwa jeki, weka gia huru, kanyaga breki mara tatu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Kwenye kwodi ya ekseli moja isiyogawanyika kalipa ni moja tu, ndiyo maana magurudumu yote mawili hushika pamoja. Likigoma, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, mara nyingi ni spana namba 8. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilikuwa imenaswa huko juu, na seti hii haitakusaidia kitu: tazama masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ambayo kitundu chake cha kurudishia mafuta huziba kwa uchafu, au fimbo yake imekazwa hadi haina mchezo. Paipu ya mpira iliyovimba ndani nayo hufanya hivyohivyo. Kuzitofautisha, rudia kukanyaga, halafu legeza bolti ya paipu pale kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia hapo, kosa ni la masta silinda. Lisipoachia, ni la paipu.

Ukifungua skrubu ya kalipa na gurudumu bado limeng'ang'ania, basi ni pistoni, pini au handibreki. Anza na handibreki, kwa sababu haina gharama. Kwenye kalipa nyingi za nyuma kuna bolti ya kurekebishia yenye nati ya kufungia. Fundi akishaikaza ili kufidia pedi zilizolika, kisha zikafungwa pedi mpya nene, disiki hubanwa mchana kutwa. Legeza nati, ingiza bolti taratibu hadi igome, irudishe kidogo tu (kwa Yamaha kadhaa ni thumuni ya mzunguko), funga nati.

Sasa sili zenyewe. Mpira wake ni laini na kingo zake ni kali, zimekatwa pembe nne kama inavyotakiwa. Hilo ndilo la kukagua dukani, maana sili haizibi mafuta tu. Ndani ya kalipa hakuna springi ya kurudisha pistoni. Ukikanyaga, sili hujipinda pamoja na pistoni, na ukiachia hujinyoosha na kuivuta nyuma, umbali usiofika milimita moja. Sili iliyokauka au yenye kingo za mviringo haivuti.

Seti haielezi kazi kubwa iliko: ni kwenye mfereji sili inamokaa. Kutu nyeupe ya alumini na mafuta yaliyoganda hujaa humo, yakaisukuma sili ndani hadi ikaikaba pistoni. Ukiweka sili mpya juu ya uchafu huo, breki itashika siku ileile. Kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki, si bisibisi, osha kwa mafuta safi ya breki. Pistoni uitoe kwa kukanyaga pedali kabla ya kufungua paipu. Ni salama kuliko kompresa, inayoweza kuirusha na kuvunja kidole. Ikiwa uso wa pistoni una vishimo vya kutu, nunua nyingine, kwani haimo kwenye kifuko.

Sili na pistoni zipakwe mafuta ya breki. Grisi ya pakiti ni ya pini, na haitoshi kama pini zimekauka kabisa, kwa hiyo ongeza ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha buti, na pini ikikwama, pedi ya upande mmoja hulika na ya pili hubaki nene.

Buti za pini ndizo sehemu dhaifu ya seti hii. Mdomo wake umelegea, na kwenye tope la msimu wa mvua mdomo wa namna hiyo hukaribisha maji. Kama buti za zamani hazijapasuka, zisafishe uziache.

Malizia kwa mafuta ya breki ya DOT 4 mapya yaliyofunguliwa siku hiyo, toa upepo, kisha endesha kama dakika kumi bila kugusa breki ya nyuma. Disiki iwe ya kushikika kwa mkono. Ikirudi inafuka, rudi kwenye mfereji.