Mvinyo mwekundu wa Amerika Kusini: lipia shamba, usilipie pipa

Kwa mnywaji mwenye dola 12 hadi 25 za kununulia chupa moja, sioni sehemu ya dunia inayomtendea haki kuliko Amerika Kusini. Chini ya kiwango hicho fedha nyingi huishia kwenye kioo cha chupa, meli na ushuru, gharama ambazo hazipungui sana hata mvinyo ukiwa hafifu. Nchi nyingi hutoza ushuru kwa lita, si kwa ubora. Kwa hiyo chupa ya dola 16 haina mvinyo bora mara mbili tu kuliko ya dola 8. Kilichomo ndani kinaweza kuwa kimegharimu mara nne. Ukivuka dola 40, hesabu inageuka tena: unaanza kulipia jina, kioo kizito na mapipa mapya ya mbao.

Tuanze na mbao, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Pipa la kawaida la lita 225 hujaza chupa 300. Pipa jipya la mwaloni wa Kifaransa mara nyingi huvuka euro 700, yaani zaidi ya euro 2 kwa kila chupa hata kabla ya zabibu kuhesabiwa. Ukifungua chupa ya dola 8 ikakupiga kwa harufu ya vanila na nazi, basi ladha hiyo haikutoka kwenye pipa jipya la Kifaransa. Imetoka kwenye vipande au mbao za mwaloni zilizotumbukizwa ndani ya tangi. Si haramu wala haidhuru, lakini kazi yake mara nyingi ni kufunika zabibu zisizo na nguvu. Njia ya kuigundua ni kuifunga chupa ikiwa nusu na kuionja tena kesho yake: ladha ya tunda itakuwa imeondoka, ya mbao imebaki.

Neno Reserva kwenye lebo nalo lisikupumbaze. Sheria ya Argentina inadai mvinyo mwekundu ukae angalau miezi 12 kabla ya kuitwa Reserva, na miezi 24 kwa Gran Reserva. Chile masharti ni mepesi mno, na neno hilo hubandikwa hata kwenye chupa za rafu ya chini. Kinachosema kweli kwenye lebo ni mahali. Kadiri mahali palipotajwa panavyokuwa padogo, ndivyo mtengenezaji anavyojifunga zaidi: "Mendoza" pekee, mkoa wa Argentina, huweza kuwa zabibu kutoka mashamba ya tambarare yenye joto mashariki mwa mkoa, yanayomwagiliwa maji mengi na kuzaa kupita kiasi. "Valle de Uco", bonde lililo ndani ya mkoa huo, ni hatua mbele, na "Gualtallary" au "Paraje Altamira", sehemu ndogo za bonde hilo, ni hatua nyingine tena.

Sababu ya Uco kuwa ghali ni mwinuko. Mashamba yake mengi yako kati ya mita 1,000 na 1,500, kando ya milima ya Andes. Mchana jua ni kali, na ngozi ya zabibu hunenepa na kujaa rangi; usiku baridi hushuka na uchachu wa tunda haupotei. Mvua ni chache, takriban milimita 200 kwa mwaka, hivyo mkulima ndiye anayeamua kiasi cha maji kutoka kwenye theluji ya milimani. Hatari kubwa ni mvua ya mawe, na ndiyo maana mashamba mengi ya Mendoza yamefunikwa nyavu. Gharama ya nyavu hizo nayo imo kwenye bei yako, na hiyo naona ni halali.

Malbec, zabibu nyekundu ya Mendoza, ikilelewa vizuri huko juu huwa na rangi ya zambarau iliyoiva, harufu ya forosadi na maua ya urujuani, na ukakasi laini. Ya tambarare huwa tamu na nzito mwanzoni, kisha hukatika ghafla mdomoni. Kwa mtu anayetaka chupa moja ya kujifunzia, Malbec ya kawaida ya mtengenezaji Catena inatosha. Huchanganya zabibu za mashamba ya miinuko tofauti, kuanzia Lunlunta hadi Gualtallary, na mapipa yake hayajitokezi mbele. Katika maduka ya Marekani huuzwa karibu dola 20, na kila senti inaonekana kwenye glasi. Ukipata Malbec ya mtengenezaji Colomé kutoka Salta, kaskazini mwa Argentina, utaona mwinuko ukisukumwa mbali zaidi: mashamba yao huanzia mita 1,700 hivi na la juu kabisa liko zaidi ya mita 3,000. Mvinyo wake ni mweusi, una viungo vingi na kileo cha juu. Ni mzuri kwa nyama, mzito kwa kunywa bila chakula.

Kabla ya kuendelea, namna ya kuonja. Chukua chupa tatu za zabibu moja kwa bei tatu, tuseme dola 9, 16 na 35. Mtu mwingine azifunge kwa karatasi na kuzipa namba. Mimina mililita 50 kila glasi, zisizidi, ili harufu ipate nafasi. Joto liwe nyuzi 16 hadi 18. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, "joto la chumba" ni nyuzi 28 au zaidi, na hapo kileo hupanda puani, tunda huwa kama jamu. Iweke chupa kwenye friji hadi ishuke kufikia joto hilo, kisha itoe. Nusa kwanza bila kuzungusha glasi, kwa sababu harufu mbovu hujitokeza hapo: boksi lililolowa maji maana yake kizibo kimeharibu mvinyo, na hakuna tiba, rudisha chupa. Harufu ya kiberiti au yai lililochemshwa mara nyingi hutoweka ukiuacha upumue dakika 15.

Sasa chukua funda, zungusha mdomoni sekunde kama 8, tema au meza, kisha hesabu. Ladha ya tunda ikiisha kabla ya sekunde 5, huo ni mvinyo wa kuteremshia chakula na usiulipie zaidi ya dola 10. Ikifika 10 na zaidi, na ikawa bado tunda, si uchungu wala moto wa kileo, hapo bei ya kati ina haki yake. Ukakasi upime kwenye ufizi: ulio mzuri hukausha taratibu na sawasawa, ulio mbaya hukwaruza kama ndizi mbichi. Andika bei unayodhani kabla ya kufungua karatasi. Mara nyingi utagundua chupa ya kati imepewa bei ya ile ya juu.

Chile inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Zabibu ya Carmenère ilitoka Bordeaux, Ufaransa, na nchini Chile kwa miaka mingi iliuzwa kama Merlot, zabibu nyingine ya huko Bordeaux, hadi mwaka 1994 mtaalamu Jean-Michel Boursiquot alipoitambua katika mashamba ya Viña Carmen. Huiva wiki tatu au nne baada ya Merlot. Wakulima waliovuna zote pamoja walipata mvinyo unaonuka pilipili hoho mbichi, na sababu ni kemikali inayopungua tunda likipigwa na jua vya kutosha. Ukichelewa kuvuna, uchachu nao unaondoka na mvinyo unalala. Nafasi ya kupatia ni nyembamba, ndiyo sababu sishauri Carmenère ya bei ya chini kabisa. Cabernet Sauvignon ya bei hiyohiyo huvumilia zaidi. Ile ya Casillero del Diablo ni mfano: haina kina, ila ni safi kila mwaka, na hupatikana hata Nairobi. Kwa Carmenère, panda hadi Marques de Casa Concha ya Peumo, karibu dola 20. Hoho imebaki kidogo tu, kama kiungo, na nyuma yake kuna kakao na tumbaku.

Juu kabisa, Chile ina cheti cha heshima. Mwaka 2004, katika uonjaji wa kufichwa majina uliofanyika Berlin, mivinyo miwili ya Chile iliongoza: Viñedo Chadwick ya 2000 ilishika nafasi ya kwanza na Seña ya 2001 ya pili, mbele ya Château Lafite ya 2000 kutoka Bordeaux. Sifa ile ilistahili. Lakini bei zimeshaifuata, Seña huvuka dola 100, kwa hiyo biashara nzuri haiko tena huko.

Iko kusini mwa Chile, katika mabonde ya Itata na Maule. Chile haikuvamiwa na filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya, na huko kuna mizabibu mizee ya País, Cinsault na Carignan inayosimama kwa mizizi yake yenyewe. Zabibu zake kwa muda mrefu ziliuzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa, hivyo hata leo unapata mizizi mikongwe kwa fedha ndogo. Viejas Tinajas ya mtengenezaji De Martino, Cinsault ya Itata iliyochachuka kwenye mitungi mikubwa ya udongo, haina mbao kabisa: cheri, udongo na nanaa kidogo. Ipoze hadi nyuzi 14. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu, huu ndio mwekundu wa kuanza nao, pamoja na samaki wa kuchoma wenye pilipili.

Ukiwa dukani pwani, kagua chupa kabla ya lebo. Kizibo kilichopanda juu ya mdomo, au mvinyo uliovuja na kukauka shingoni, ni dalili ya joto, na mvinyo huo utanuka zabibu kavu zilizopikwa. Iliyosimama dirishani usiiguse. Kwa chupa za chini ya dola 15 chagua kifuniko cha skrubu na mavuno ya miaka mitatu ya karibuni. Nusu ya kusini ya dunia huvuna Februari hadi Mei, kwa hiyo mvinyo wao wa mwaka fulani umeshatangulia wa Ulaya kwa nusu mwaka.

Uruguay imebaki, na zabibu yake, Tannat. Ilipandwa huko na Pascual Harriague katika karne ya 19, na ngozi yake nene huhimili unyevu wa Atlantiki. Ukakasi wake ni mkubwa kuliko wa zabibu zote nilizotaja, na wengi huihukumu ndani ya dakika tano za kufungua. Reserva ya Bodega Garzón ipe saa mbili kwenye jagi pana, na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta yake. Ukiinywa bila chakula, punguza alama zako wewe, si zake.